Kufundisha kompyuta ili walioachwa nje waingie: hiyo ni kazi ya kuajiriwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Namaliza mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta hapa Dodoma. Tangu mwaka wa pili nimekuwa nikiwasaidia wa mwaka wa kwanza maabara, na kusema kweli napenda kuelekeza kuliko kuandika programu zenyewe. Kinachonikera ni kuona wasichana, na vijana waliotoka shule zisizo na kompyuta, wanahama kozi hata muhula wa kwanza haujaisha. Nataka hiyo iwe kazi yangu: kufundisha kompyuta na kuhakikisha watu wa aina hiyo wanaingia na wanabaki. Je, kazi kama hiyo ipo kweli? Waliofika mbali walipitia wapi? Baba anasema niache ndoto, nitafute nafasi benki. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu.

Kazi ipo, ila usiitafute kwa jina. Hutaona tangazo la "mtu wa kuhakikisha wote wanaingia kwenye kompyuta". Wanaoifanya wameajiriwa kwa vyeo vingine: mhadhiri, mwalimu wa sekondari, mkuu wa idara, mkurugenzi wa asasi, ofisa wa shirika la kugawa fedha za utafiti. Na ukiwafuatilia wale walioleta mabadiliko yanayohesabika, utaona kwamba kila mmoja kwa wakati wake alienda kuchunguza kozi ya kwanza: inafundishwaje, nani anaimaliza, nani anaikimbia. Makongamano ya kuhamasisha yalikuja baadaye, au hayakuja kabisa. Hilo ndilo ningependa ulishike, kwa sababu huku kwetu tumelipindua: semina ni nyingi, fulana zimechapishwa, posho zimelipwa, na kozi ya kwanza inaendelea kuchuja watu vilevile.

Kisa kinachotajwa sana ni cha chuo cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1995, kati ya wanafunzi wapya wa sayansi ya kompyuta pale, wasichana walikuwa asilimia 7 tu. Allan Fisher, aliyesimamia shahada ya kwanza, alimtafuta Jane Margolis, mtafiti wa mambo ya jamii ambaye wala si mtu wa kompyuta. Wakapata fedha za taasisi ya Sloan, wakakaa chini na wanafunzi zaidi ya 100, wa kike na wa kiume, wakawahoji na kurudi kuwahoji tena hadi 1999.

Walichokikuta kingekushangaza ungekuwa hujawahi kusimama kwenye maabara yako mwenyewe. Wavulana wengi walifika chuoni wakiwa wamechezea mashine tangu utotoni. Mara nyingi kompyuta ya nyumbani ilikuwa imewekwa chumbani kwa mtoto wa kiume. Wasichana wengi walikuwa wakiwaangalia tu kaka zao wanapoitumia. Chuo kikauona uzoefu huo kikadhani ni kipaji. Msichana aliyekuwa akipata alama nzuri tu alimsikia mwenzake akitamba kwamba anaota programu usiku, akajiambia mwenyewe: mimi si mtu wa huku. Akaondoka. Kumbe walipofuatilia matokeo, kuwahi kuandika programu kabla ya chuo hakukuonyesha nani angefaulu mwishoni.

Basi chuo kikafanya mambo ambayo hayana mbwembwe. Mwaka wa kwanza ukapewa milango kadhaa ya kuingilia, kila mtu aanzie pale alipo. Vigezo vya udahili vikapunguza uzito wa kuwahi kuandika programu, vikaangalia na mambo mengine kama uongozi. Walimu wa sekondari wakaitwa likizo za kiangazi wafundishwe jinsi ya kufundisha somo hilo bila kuwapoteza wasichana. Mwaka 2000, wasichana kati ya walioanza walikuwa asilimia 42.

Hapa kuna ubishi ambao ni vizuri uujue mapema, maana utakutana nao. Margolis na Fisher walisisitiza kwamba wasichana wengi huvutwa na kompyuta yenye kazi ya kufanya: tiba, elimu, sanaa. Lenore Blum, mwanahisabati aliyejiunga na chuo hicho mwaka 1999 na kuanzisha pale chama cha wanawake wa idara, pamoja na Carol Frieze, wakaja kusema: idadi ilipokaa sawa, tofauti hizo za wavulana na wasichana zilififia zenyewe, na mtaala haukuhitaji kulainishwa kwa ajili ya mtu. Kilichobadilika ni mazingira. Mimi naegemea kwa Blum na Frieze. Nimeona mafunzo ya "kompyuta kwa wasichana" ambayo ni kupamba kurasa kwa rangi ya waridi, na waliotoka humo hawakuweza kusoma ujumbe wa kosa kwenye kioo. Hata hivyo, mfano wa hesabu za kikoba ukiutumia darasani badala ya mfano wa mchezo wa sataranji, wote wanauelewa haraka, wavulana kwa wasichana. Hilo sioni sababu ya kuligombania.

Margolis hakuishia vyuoni. Alihamia kwenye shule za sekondari za umma za Los Angeles, na huko ndiko kazi yake inapofanana na ya kwetu kupita kiasi. Alikuta shule za watoto weusi na za watoto wenye asili ya Amerika ya Kilatini zikiwa na kompyuta za kutosha. Mashine zilikuwepo, somo ndilo halikuwepo: watoto walifundishwa kuchapa na kunakili maandishi, wakati wenzao wa mitaa yenye uwezo walifundishwa kutunga programu. Yeye, Joanna Goode na wenzao wakatengeneza somo la utangulizi ambalo shule za jiji hilo zilianza kulifundisha mwaka 2008, wakaambatanisha nalo mafunzo ya walimu. Ukitaka kujua linavyotuhusu, nenda shule yoyote iliyopewa maabara na mfadhili. Ukikuta mlango haujafungwa kwa kufuli, uliza wanafunzi wanafanya nini humo. Wanaandika barua kwenye Word.

Sasa njoo kwenye kisa ambacho wewe, uliyeshinda maabara, kitakugusa zaidi. Harvey Mudd ni chuo kidogo cha sayansi na uhandisi huko Claremont, California, na kila anayeingia lazima asome kozi ya kompyuta muhula wa kwanza. Katikati ya miaka ya 2000, wasichana waliochagua kompyuta kama fani walikuwa kama mmoja katika kila kumi. Walimu wa idara, wakiwamo Christine Alvarado na Zachary Dodds, wakaifumua kozi hiyo. Wakaacha lugha ya programu ya Java, wakachukua Python. Maudhui yakageuzwa: badala ya kuwa kozi ya kujua lugha, ikawa kozi ya kutatua matatizo ya sayansi kwa kompyuta. Wakaligawa darasa kwa uzoefu, na makundi wakayapa majina ya rangi za chuo, Dhahabu kwa wasiowahi kuandika programu na Nyeusi kwa waliowahi. Hakuna aliyeitwa "wa chini".

Halafu kuna jambo moja dogo ambalo Maria Klawe, rais wa chuo hicho kuanzia 2006 hadi 2023, amelisimulia mara nyingi, na kwangu lina thamani kuliko yote hayo. Kila darasa lina yule kijana anayejua tayari. Anajibu kabla swali halijaisha. Anauliza mambo ya wiki ya kumi katika wiki ya pili, na wewe uliye jirani yake huelewi anachouliza, unafunga tu daftari. Walimu wa Harvey Mudd walimwita kijana huyo pembeni, wakamwambia kwa upole kwamba wanafurahi kuzungumza naye, ila maswali ya aina hiyo ayalete ofisini wayajadili wawili, kwa kuwa darasani yanawatisha wenzake. Basi. Hakufedheshwa, hakunyamazishwa, na darasa likapumua.

Waliongeza mambo mawili: kuwapeleka wasichana wa mwaka wa kwanza kwenye Grace Hopper, mkutano wa wanawake wa kompyuta ulioanzishwa na Anita Borg na Telle Whitney mwaka 1994, na kuwapa kazi za utafiti wakati wa likizo mapema. Ndani ya miaka michache wasichana katika fani hiyo wakafika kama asilimia 40, na kufikia 2016 walikuwa zaidi ya nusu ya wahitimu wake. Watu humsifia Klawe peke yake, na yeye mwenyewe amekuwa akisema marekebisho ya kozi yalianzishwa na walimu. Zingatia hilo. Walioshika chaki ndio walioanza. Rais alileta nguvu, fedha na sauti.

Kwetu kuna tatizo ambalo Harvey Mudd hawana: kompyuta moja, wanafunzi watatu. Nani anashika kibodi? Wewe unajua. Anayejua tayari anaishika wiki ya kwanza na haiachii mpaka mtihani. Wa pili anaelekeza kidogo. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye huyo unayemhangaikia, anaandika kwenye daftari kile anachokiona kiooni, kama mtu anayejifunza kuogelea kwa kusoma. Sasa, katika chuo cha Santa Cruz, California, Charlie McDowell na Linda Werner mwanzoni mwa miaka ya 2000 walijaribu kuwafundisha wanafunzi wa mwanzo kwa kuandika programu wawili wawili kwa utaratibu maalumu: mmoja ana kibodi na hana ruhusa ya kuamua peke yake, mwingine anaongoza na hana ruhusa ya kugusa, na wanabadilishana kila baada ya muda. Waliofanya hivyo walibaki kwenye kozi kwa wingi zaidi kuliko waliofanya peke yao, wasichana wakiwamo, na walipokuja kufanya kazi peke yao baadaye hawakuwa nyuma.

Hii unaweza kuianza Jumatatu bila bajeti. Weka simu mezani, pima dakika kumi na tano, wabadilishane. Wakiwa watatu, wa tatu apewe kazi ya kutabiri: kabla programu haijaendeshwa, aseme itatoa nini. Na uwapange mwenyewe, wenye uzoefu unaokaribiana wakae pamoja. Ukimpanga bingwa na mgeni kwa nia njema ya kusaidiana, bingwa atafanya yote.

Usidhani pia kwamba habari hii ni ya wasichana tu. Richard Ladner, wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, alilelewa na wazazi viziwi. Alianza kama mtaalamu wa nadharia ya kompyuta, akachapisha, akapata jina, ndipo akageukia kazi ya kuwaingiza watu wenye ulemavu kwenye fani. Mwaka 2006 yeye na wenzake walianzisha mradi wa kitaifa wa kazi hiyo. Andreas Stefik naye aliunda Quorum, lugha ya programu ambayo asiyeona anaweza kuiandika vizuri kwa kutumia kisoma-skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichoko kiooni. Huku kwetu kuna wanafunzi wasioona wanaoingia vyuo vikuu kila mwaka na wengi wanasomea elimu au sheria, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mlango wa kompyuta upo. Nafasi hiyo ipo wazi. Ningekuwa na umri wako, huenda ningeichukua.

Na usiende mbali sana kutafuta mfano. Miaka ya 2000 ikielekea mwisho, Chuo Kikuu cha Tumaini kule Iringa, kwa kushirikiana na Wafini wa Joensuu, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari ambayo haikuchukua mtaala wa Marekani na kuubandika. Matti Tedre na Watanzania aliofanya nao kazi walianza kwa kuuliza mhitimu wa Iringa atakutana na nini kazini: umeme unaokatika, mitambo iliyochoka, wateja wasiojua wanachokihitaji. Wakatunga mafunzo kwa vitendo kuanzia hapo, na wakachapisha walichojifunza kwenye majarida ya kimataifa. Hiyo ya mwisho ndiyo mbinu ya kazi. Ukifundisha vizuri bila kuandika, watakupenda wanafunzi wako na idara haitakupandisha cheo.

Ndiyo maana, ukiniuliza njia, nakwambia chuo kikuu kwanza, kama matokeo yako yanaruhusu. Utaratibu unaujua: unaanza chini kabisa kwenye ngazi ya wasaidizi, unapelekwa kusoma shahada ya pili, unapanda, na uzamivu unafuata. Vijana wengi hawajui kwamba ufundishaji wa kompyuta ni uwanja kamili wa utafiti, wenye mikutano yake: SIGCSE ya Marekani, ICER, Koli Calling inayofanyika Finland. Uzamivu kuhusu kwa nini wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanadisko ni uzamivu halali wa sayansi ya kompyuta. Wapo wazee wa idara watakaokwambia hiyo ni elimu, si kompyuta. Sikiliza kwa adabu, endelea.

Njia ya asasi nayo ni halali. AkiraChix ya Nairobi ilianzishwa mwaka 2010 na wanawake wa fani wenyewe, na leo inawachukua mabinti wa familia zisizo na uwezo wakaishi na kusoma pamoja kwa mwaka mzima. Hapa kwetu, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013, na klabu zake ziko ndani ya shule za sekondari. Nimezitaja hizi mbili kwa sababu zinakaa na mwanafunzi muda mrefu. Ujue tu kwamba mkurugenzi wa asasi anatumia sehemu kubwa ya wiki kuandika maombi ya fedha na ripoti za mfadhili. Kama unachopenda ni kuelekeza, hilo lifikirie mara mbili. Wapo vilevile wanaofanya kazi hii wakiwa upande wa mfuko: Jan Cuny aliacha ualimu wa Oregon, akaingia shirika la taifa la sayansi la Marekani mwaka 2004, na fedha alizozisimamia zikasaidia kuzaa somo jipya la kompyuta la sekondari lililoanza rasmi mwaka wa masomo wa 2016/17. Ila hiyo ni kazi ya mtu aliyekwishafundisha miaka mingi.

Kama umechelewa, au unadhani umechelewa, msome Sue Black wa Uingereza. Aliacha shule akiwa na miaka 16; akiwa na 25 alikuwa amekimbilia kwenye nyumba ya hifadhi ya wanawake na watoto watatu. Akaanza na kozi ya hisabati ya jioni, akasoma kompyuta chuo cha South Bank, London, akapata uzamivu, na mwaka 2018 akawa profesa Durham. Njiani alianzisha mtandao wa wanawake ndani ya chama cha wanakompyuta cha Uingereza, na mafunzo ya kompyuta kwa akina mama.

Tuje kwa baba yako na benki. Mzee hajakosea kuhusu fedha. Mwanzoni chuo kitakulipa chini ya kile ambacho benki ingekulipa, na asasi itakulipa mradi ukiwepo. Kufanya kazi benki mwaka mmoja au miwili si usaliti. Klawe mwenyewe alikaa IBM miaka minane kabla ya kurudi vyuoni, na darasa linamwamini mwalimu aliyewahi kuamshwa usiku mfumo ulipoanguka. Ila popote utakapokwenda, jadili mshahara wako. Mwaka 2014, kwenye jukwaa la Grace Hopper, mkuu wa Microsoft Satya Nadella aliulizwa na Klawe wanawake wafanyeje wanapoona aibu kudai nyongeza. Akajibu kwamba wauamini mfumo, utawalipa. Klawe akamwambia palepale kwamba hakubaliani naye, ukumbi ukapiga makofi, kisha akaeleza kwamba yeye alipoajiriwa Princeton kuongoza shule ya uhandisi hakujadili malipo, akaishia kupata pungufu kuliko alivyostahili. Nadella aliomba radhi baadaye. Watu wanaofanya kazi yenye wito ndani yake hulipwa kwa sifa kwa urahisi sana.

Kabla hujahitimu, fanya jambo moja. Mwombe mwalimu wa kozi ya kwanza ruhusa ya kutunza rekodi ya wanafunzi wake, bila majina. Kwa kila mmoja: jinsia, kama alishawahi kutumia kompyuta kabla ya chuo, alama ya jaribio la kwanza, alama ya mwisho, kama alipata sapu, na kama muhula wa pili alikuwepo. Kisha kwenye kundi moja la maabara jaribu utaratibu wa kubadilishana kibodi, kundi lingine liache kama lilivyo. Andika ulichokiona kurasa nne, hata kama hakuna tofauti. Siku ya usaili, wenzako watasema wanapenda kufundisha. Wewe utaweka karatasi mezani.

Nafasi za vyuo vya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kupitia Ajira Portal, na muda wa kuomba huwa mfupi. Jisajili sasa, pakia vyeti mapema, na benki omba pia.